MASHAURI YA JUMA: Tarumbeta Halijulikani Penye Makelele

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo ni la kweli katika mambo mengi, lakini katika ununuzi wa tarumbeta mara nyingi huwa kinyume. Tarumbeta baya huweza kujiuza upesi kuliko zuri, kwa sababu hujaribiwa mahali penye makelele, na penye makelele lile lenye sauti kali kuliko yote ndilo lisikikalo. Jambo hili lawahusu sana watu wa Busia na Malaba, ambao makanisa yao na shule zao hupenda bendi, na ambao masoko yao yamekaa juu ya njia kuu za magari yaendayo Uganda.

Mtu asimamaye Malaba asubuhi huona malori yamepangwa yakingoja kuvuka, injini zikinguruma na honi zikilia. Busia ni vivyo hivyo. Pikipiki za boda boda hupita huku na huku. Na inasimuliwa kwamba hata jina hilo lilizaliwa hapa mpakani, waendesha baiskeli walipowaita abiria wawavushe kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Redio za maduka, vipaza sauti vya wahubiri na vya wauza dawa, na sauti za wachuuzi, vyote husikika kwa wakati mmoja. Asiyezoea hushindwa hata kusikia anachoambiwa na mwenzake. Katika hali kama hiyo, atawezaje mtu kupambanua kati ya tarumbeta jema na baya?

FEDHA ZA WATU WENGI

Kwanza yafaa kufikiri fedha za bendi hutoka wapi. Bendi ya kanisa au ya shule si mali ya mtu mmoja. Huyu ametoa kuku, yule debe la mahindi, karani amekata kidogo katika mshahara wake, na mjane ameuza mayai. Na iwe, kwa mfano tu, kanisa moja lina waumini 80, na kila mmoja ametoa shilingi 250. Jumla yake ni shilingi 20,000. Fedha hizo hukabidhiwa kiongozi wa bendi, naye hupanda gari kwenda mjini. Huko hukuta matarumbeta matano yametundikwa, watu watatu wanapuliza pamoja, gari linapiga honi mlangoni, na muuzaji ana haraka ya kumhudumia mwingine. Kiongozi hutwaa moja, hupuliza kwa nguvu zake zote, sauti yake hushinda za wengine, watu hugeuka kumtazama, naye hulipa.

Jumapili ifuatayo, ndani ya kanisa la mabati lililo kimya, tarumbeta lile lile hutoa sauti ya kuumiza masikio. Likipulizwa taratibu halitoi kitu ila pumzi. Noti zake za chini hazipatani na kinanda. Hapo ndipo manong'ono huanza. Hakuna asemaye kwamba tarumbeta lilijaribiwa vibaya. Husemwa kwamba kiongozi amekula fedha. Mtu mwaminifu hupoteza jina lake jema, vijana huacha mazoezi mmoja mmoja, na safari nyingine watu wakiombwa mchango hufunga mifuko yao. Hivyo hasara ya tarumbeta baya hupita thamani ya shaba yake, maana imani ya watu ikivunjika hainunuliwi dukani.

HATA KATIKA NCHI KUBWA

Asidhani mtu kwamba shida hii ni ya watu wa mpakani peke yao. Katika mji wa Anaheim, Marekani, hufanyika maonyesho makubwa ya vyombo vya muziki yaitwayo NAMM, yanayotayarishwa na chama cha wafanya biashara wa muziki kilichoanzishwa mwaka 1901. Mjini Frankfurt, Ujerumani, kwa miaka mingi tangu mwaka 1980 palikuwa na maonyesho ya Musikmesse. Katika maonyesho ya namna hiyo ukumbi mmoja huwa na ngoma, magitaa ya umeme, vinanda na matarumbeta, na kila mgeni ataka kujaribu chombo akipendacho. Makelele yake huwa makubwa hata watayarishaji wa maonyesho ya Anaheim waliona hapana budi kuweka kanuni kwamba sauti za vibandani zisipite desibeli 85, na wasimamizi huzunguka na vipimo mkononi.

Wapiga tarumbeta wenye ujuzi wakienda mahali kama hapo hawatoi hukumu yao ya mwisho papo hapo. Wengi huchagua mawili au matatu yaliyowapendeza, kisha huomba chumba cha pembeni, au huomba ruhusa ya kulijaribu nyumbani kwa siku chache. Basi ikiwa mtu aliyepiga tarumbeta miaka 20 haamini masikio yake penye makelele, yule aliyepiga miaka miwili atayaaminije?

NAMNA MAKELELE YANAVYODANGANYA

Makelele humdanganya mnunuzi kwa njia tatu, na azijuaye ameshapona nusu ya hatari.

Njia ya kwanza ni ya sikio lenyewe. Sauti moja ya tarumbeta ni mchanganyiko wa sauti nyingi, nene na nyembamba, ambazo zikisikika pamoja huleta utamu wake. Na sauti nene, kama mngurumo wa lori, huwa na tabia ya kufunika sauti nyingine. Penye mngurumo huo, sehemu nene ya sauti ya tarumbeta huzama, ikabaki ile nyembamba na kali peke yake. Kwa hiyo tarumbeta lenye sauti nono na tulivu, ambalo kanisani lingependeza sana, sokoni huonekana kama limekufa. Na lile lenye sauti ya kuchoma hudhaniwa kuwa bora. Fauka ya hayo, kasoro ndogo kama vile hewa kuvuja, valvu kugongagonga, au noti kuchelewa kutoka, hazisikiki kamwe.

Njia ya pili ni ya mpulizaji. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alitangaza jambo alilogundua, kwamba mtu akizungukwa na makelele hupaza sauti yake pasipo kujua, na makelele yakikoma huishusha pasipo kuambiwa. Mpiga tarumbeta naye hufanya hivyo hivyo. Kwa kuwa hajisikii, hupuliza kwa nguvu zaidi, na nguvu hizo huficha ubovu wa chombo, kwa maana tarumbeta linalovuja huweza kulia likisukumwa na mapafu ya mtu mwenye afya. Tena baada ya dakika kumi midomo yake imechoka, na tarumbeta la tatu au la nne, hata likiwa jema, hulaumiwa kwa kosa la uchovu.

Njia ya tatu ni ya fahari. Pwani ya Kenya, tangu mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwako ngoma ya beni, ambayo vikundi vyake viliiga bendi za kijeshi. Mjini Mombasa vikundi vya Kingi na Scotchi vilishindana kwa mavazi, gwaride na ngoma, na kila kimoja kilitaka kusikika kuliko mwenzake. Mashindano ya namna hiyo yana mahali pake na yana furaha yake. Lakini mtu akiyaingiza dukani ameshasahau kazi aliyotumwa. Akisikia mwingine amepanda noti ya juu, naye hutaka kupanda juu zaidi. Badala ya kulipima tarumbeta, huanza kujionyesha mwenyewe. Tarumbeta la kanisa litapiga tenzi siku nyingi kwa sauti ya katikati, wala si noti za juu za kustaajabisha watu. Na lipimwe kwa kazi litakayofanya.

KWANZA MACHO NA VIDOLE

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya mtihani wa tarumbeta haihitaji masikio, na makelele hayawezi kuiharibu. Tarumbeta la kawaida, lile liitwalo la B-flati, ni mrija wa shaba iliyochanganywa na zinki, ambao ukinyoshwa urefu wake ni karibu sentimita 148. Lina valvu tatu, yaani vibonyezo vya vidole. Valvu ya kwanza hushusha sauti kwa hatua nzima, ya pili kwa nusu hatua, na ya tatu kwa hatua moja na nusu. Valvu zilianza kutengenezwa Ujerumani karibu mwaka 1814, na zile za pistoni zilizomo katika matarumbeta mengi ya leo zilibuniwa na François Périnet wa Paris mwaka 1839. Kazi yote ya tarumbeta hutegemea usafi na ukamilifu wa mrija huo na valvu hizo.

Mnunuzi na abonyeze kila valvu mara nyingi, kwanza taratibu, kisha upesi. Ni lazima irudi juu bila kukwama. Halafu avute kila mrija wa kurekebishia sauti. Ule usiotoka umeshikana kwa uchafu au umepindika, na kuutoa huenda kukahitaji fundi.

Uko na mtihani wa kuvuja. Mrija wa valvu moja uvutwe polepole, valvu yenyewe ikiwa haijabonyezwa. Kisha valvu ibonyezwe. Ikisikika sauti ndogo kama ya kizibo kikitoka chupani, ni dalili njema kwamba hewa haikuvuja. Isiposikika, yamkini valvu imelika kwa kutumika miaka mingi. Sauti hiyo ni ndogo, lakini tarumbeta likisogezwa karibu na sikio husikika hata sokoni.

Kisha macho yafanye kazi yake. Mabonyeo madogo katika sehemu ya mbele iliyopanuka kama ua hayana madhara makubwa. Bonyeo dogo katika mrija wa mwanzo, karibu na mdomo wa mpigaji, lina madhara zaidi. Mnunuzi atazame kama viungo vya kulehemu vimeachana. Atazame pia madoa mekundu-mekundu, hasa katika mrija huo wa mwanzo. Hayo ni alama kwamba zinki imetoka katika shaba, na ya kuwa ukuta wa mrija unaliwa kutoka ndani. Rangi inayong'aa iliyopakwa juu huweza kuficha ugonjwa huo. Kwa sababu hiyo tarumbeta lililokuukuu lakini linang'aa kupita kiasi litazamwe mara mbili.

Kila mpigaji na aende na kidomo chake mwenyewe, yaani kile kipande kidogo kinachowekwa mdomoni. Kidomo kigeni hubadili sauti na starehe ya midomo, na mtu hatajua kama sifa au lawama ni ya tarumbeta au ya kidomo. Tena kidomo cha dukani kimepita midomo mingi, na kukitumia bila kukiosha ni hatari kwa afya. Lakini ajue kwamba kidomo cha korneti hakiingii sawasawa katika tarumbeta.

KISHA SAUTI NDOGO

Baada ya hayo ndipo masikio yaje. Na hapa ndipo penye shauri kubwa la juma hili: penye makelele, mwenye kujaribu tarumbeta na apulize kwa sauti ndogo kuliko desturi yake. Watu wengi hufanya kinyume, nao hupotea. Tarumbeta jema hujibu hata likipewa pumzi kidogo; noti huanza papo hapo, safi, pasipo mlio wa hewa. Tarumbeta baya hudai kusukumwa. Na tofauti hiyo mpigaji huihisi midomoni na vidoleni, hata kama sikio halisikii vema. Apige noti moja ndefu, aianze kwa sauti ndogo kabisa, aikuze polepole, kisha aipunguze mpaka iishe. Noti ikitetemeka au ikikatika katikati, na midomo haijachoka, chombo kina neno.

Ili ajisikie mwenyewe, asimame karibu na ukuta au katika pembe ya chumba, na kuelekeza tarumbeta ukutani. Sauti itamrudia, naye atasikia mengi kuliko akiielekeza barabarani. Aende pia na rafiki ajuaye muziki, amsimamishe hatua kumi mbali naye, kwa kuwa sauti ya tarumbeta huenda mbele, na apulizaye huwa nyuma yake. Rafiki huyo na ageuze mgongo, asione ni tarumbeta lipi linalopigwa. Macho hupenda kinachong'aa na jina lililochorwa vizuri. Sikio lililogeuziwa mgongo halina upendeleo.

Kupima kama noti zinapatana, programu za simu ni nzuri penye utulivu, lakini penye makelele huchanganyikiwa, kwa sababu husikia kila kitu. Kiko kipimo kidogo cha kubana juu ya tarumbeta, ambacho hupima mtetemo wa chombo chenyewe badala ya sauti ya hewani. Hicho malori hayakisumbui sana. Mnunuzi akumbuke kwamba do ya tarumbeta la B-flati ni B-flati ya kinanda, asije akalilaumu bure. Akumbuke tena kwamba noti zinazopigwa kwa valvu ya kwanza na ya tatu pamoja, na zile za valvu zote tatu, huwa juu kidogo katika matarumbeta yote. Ndiyo sababu mrija wa valvu ya tatu hutengenezwa uweze kuvutwa kwa kidole wakati wa kupiga. Mrija huo usipotembea kwa urahisi, noti hizo hazitanyoka kamwe.

KORNETI NA VYOMBO VYA ZAMANI

Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka 1921, na bendi zake zimejulikana sana katika magharibi ya nchi. Bendi za Jeshi hilo hutumia korneti kuliko tarumbeta. Vyombo hivi viwili vina urefu wa mrija ulio sawa, lakini mrija wa korneti umekunjwa zaidi na hupanuka polepole, na sauti yake ni laini. Akijaribu korneti na tarumbeta pamoja penye makelele, mtu hudhani korneti ni dhaifu. Kumbe huo ulaini ndio sifa yake. Kwa hiyo bendi na iamue nyumbani, kabla ya safari, ni chombo gani inachokihitaji.

Jambo jingine lawahusu wapendao vyombo vya zamani kwa kuwa ni imara. Jeshi la Wokovu lilikuwa na kiwanda chake cha vyombo huko St Albans, Uingereza, mpaka mwaka 1972. Zamani bendi za shaba za Uingereza zilitumia kipimo cha sauti kilicho juu, ambacho noti ya A ilikuwa na mitetemo karibu 452 kwa sekunde, ambapo kipimo cha dunia ni 440. Kipimo hicho cha juu kiliachwa katika miaka ya 1960. Basi chombo kilichotengenezwa kabla ya wakati huo huweza kuwa kizima kabisa, bila kuvuja wala doa, na bado kisipatane na kinanda hata mrija wake ukivutwa hadi mwisho. Penye makelele hakuna atakayetambua. Kanisani hata mtoto atatambua.

TARUMBETA NA WENZAKE

Majirani wa ng'ambo ya mpaka wana fundisho jema katika jambo hili. Aendaye Jinja kutoka Busia au Malaba hupita Bugiri na Iganga, katika nchi ya Wasoga. Wasoga wana baragumu za vibuyu ziitwazo bigwala, zilizopigwa hasa katika kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme wao. Kila baragumu hutoa noti moja tu. Hupigwa tano au zaidi pamoja, kila mpigaji akiingiza noti yake kwa zamu, na wimbo hutokea kwa wote kusaidiana. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliziandika bigwala katika orodha ya mambo ya urithi yanayohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa mafundi wazee waliobaki walikuwa wanne tu. Upande wa Kenya, ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo pamoja na ngoma zake hupigwa pembe ya paa, iliandikwa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Mtengenezaji wa bigwala hawezi kusema baragumu moja ni njema akiipiga peke yake. Hana budi kuipiga pamoja na wenzake, na urefu wa kibuyu hutengenezwa mpaka noti ikae mahali pake. Tarumbeta la bendi ni vivyo hivyo. Halinunuliwi liwe bingwa. Hununuliwa likae katikati ya wenzake. Ikiwezekana, mpigaji wa pili aende pamoja na chombo ambacho bendi inacho tayari, na vyombo viwili vipigwe noti moja kwa sauti ndogo. Noti hizo zikipingana, sauti hupiga mawimbi, na mawimbi hayo husikika upesi kuliko kasoro ya chombo kimoja peke yake.

USHURU NA STAKABADHI

Watu wa Busia na Malaba wako karibu na Kampala kuliko Nairobi, na wengine hununua vyombo huko. Si vibaya, lakini wajue sheria. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na wafanya biashara wadogo wana utaratibu mwepesi wa kuvusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo asili yake ni nchi za Jumuiya. Tarumbeta lililotengenezwa China, India au Ulaya halipati asili ya Afrika Mashariki kwa sababu tu lilinunuliwa Kampala. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwa maofisa wa forodha katika kituo cha mpakani kabla hajatoa fedha, aweke gharama hizo katika hesabu, wala asishawishiwe kupita njia za panya. Chombo cha kanisa kikikamatwa, aibu ni ya kanisa zima.

Mali bila daftari huisha bila habari. Stakabadhi iandikwe jina la bendi, tarehe, bei, na nambari iliyochorwa katika tarumbeta lenyewe. Na kabla ya kulipa, mnunuzi aombe sharti moja liandikwe, kwamba tarumbeta litapigwa katika kanisa au shule yenyewe kwa muda wa siku saba, na lisipofaa litarudishwa bila kuharibika na fedha zirudishwe. Muuzaji mwaminifu huenda akakubali, au akaomba amana. Akikataa kabisa, aombe angalau nusu saa katika chumba cha nyuma au wakati wa asubuhi na mapema, kabla mji haujaamka. Akikataliwa na hilo pia, lipo duka lingine.

Aliyetumwa asiende peke yake. Watu wawili au watatu wakienda, mmoja apulize, mmoja asikilize, na mtunza hazina ashike fedha. Mpulizaji akiwa na fedha mfukoni hununua kwa furaha ya dakika moja. Tena wakirudi, wote watatu watakuwa mashahidi mbele ya watu waliochanga, na manong'ono hayatapata pa kuanzia.

MASIKIO NAYO NI MALI

Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae penye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Penye desibeli 94, basi, muda ni saa 1. Tarumbeta likipulizwa kwa nguvu hupita kiasi hicho kwa urahisi, na matarumbeta manne yakipulizwa katika chumba kidogo ni hatari. Kenya nayo ina kanuni za kuzuia makelele zilizowekwa mwaka 2009. Viongozi wa bendi na wawafundishe vijana kutoelekeza tarumbeta katika sikio la mwenzao, hata kwa mchezo. Sikio likishaharibika kwa makelele halirudi kuwa kama zamani, wala hapana fundi wa kulitengeneza kama atengenezavyo valvu.

Kwa ufupi, mambo yenyewe ni haya. Macho na vidole vitangulie. Sauti ndogo ifuate. Rafiki asikilize akiwa amegeuza mgongo. Chombo kipigwe pamoja na wenzake. Na neno la mwisho litolewe mahali pale ambapo tarumbeta litatumika. Mwenye kufuata hayo huenda akarudi mara ya kwanza mikono mitupu, na watu watauliza mbona amepoteza nauli. Na awajibu bila haya kwamba nauli ni shilingi chache, na fedha zao zote bado zimo katika hazina.